Mume Wangu na Mpapai Uliopaka Msiro

Mume wangu macho yamechoka na meno yamekwisha, mdomo tu ndo bado mzima. Asubuhi hali kitu ila papai. Muhogo ataumung'unyaje? Basi ule mpapai wetu mmoja wa uani ndo uhai wake.

Siku hiyo kaingia ndani kanuna.

"Dada'ngu ana nini? Nimempa shikamoo, kimya. Nikarudia, kimya. Kasimama tu pale uani na msiro wake."

Dada yake, ndo wifi yangu, tumepakana ua. Na kweli kila kukicha yumo kwenye msiro, ule mti tunaosugua na maji kwenye jiwe tukajipaka, uso unakuwa mweupe pe. Umri ule, sijui ngozi anamtengenezea nani. Nikasema ngoja nikaone wamegombana nini.

Nafika uani, wifi hayupo. Upo mpapai. Mweupe toka shingoni, mapapai yote yamepakwa. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaugusa, ule weupe ukatembea. Cheko likanikauka.

Walikuwa chawa weupe wa mipapai, ndugu zao vidukari wanaotumalizia kunde. Si wa kwetu hawa. Zamani hatukuwajua, wamekuja na miche ya watu kutoka mbali, wakakuta utamu, wakahamia. Wananyonya, wanakojoa asali, na sisimizi wanapanga foleni kulamba. Mti wenyewe unakauka umesimama.

Wifi akatokeza kichwa juu ya ua, na msiro wake kweli. Nikamweleza.

"Kaka'ngu kaupa mpapai shikamoo?"

"Mara mbili."

"Mimi ananipita kama kigogo."

"Wifi, mwenzio ana mapapai. Yako yalishaanguka."

"Na yako je, si zimebaki mbegu?"

Mume wangu ndani anauliza papai lake liko wapi. Hapo tukaacha mzaha. Nikakoroga sabuni ya kufulia kwenye ndoo, wifi akapanda juu ya kinu, mimi nikamshika kiuno asianguke. Tukauogesha ule mpapai kama mwari, kwa kitambaa, mpaka kwapani. Sisimizi wakahamia kwetu. Wifi anajikuna, msiro unabanduka vipande vipande, na mimi nacheka huku nimemshikilia, kinu kinayumba.

Tukawa tunaurudia kila asubuhi. Mume wangu kazi yake kuuliza, "Mgonjwa kaamkaje?" Majani yakapukutika, mapapai yakadondoka, moja likabaki. Hilo moja tulilichunga kama mboni ya jicho, sote watatu, maana likienda hilo, mzee wa watu atashinda na uji.

Likaiva. Nikalikata, nikampa. Mimi na wifi tukasimama mbele yake kama tunangoja hukumu. Akatafuna kwa ufizi, taratibu, akameza.

"Lina sabuni," akasema.

Wifi akanyoosha mkono achukue sahani. Akapigwa kofi vidoleni.

"Nimesema lina sabuni. Sijasema nimeshiba."