Sauna ya Marketta Isiyo na Moto

Wauza magitaa ni watu wa maneno mengi. Ukiingia dukani mwao, kabla hujakung'uta theluji viatuni, umeshaambiwa kwamba hili linaimba lenyewe, lile lina roho, na lile la juu kabisa limebaki moja tu duniani. Marketta Ylitalo wa mji wa Tampere, Ufini, hayumo katika kundi hilo. Miaka thelathini na moja ameuza magitaa ya umeme na amplifaya zake, mengine ya bei ya gari zima, na hakuna aliyewahi kumsikia akisifia bidhaa. Mteja akiuliza, "Hili likoje?" yeye hujibu, "Si baya." Basi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na atakayebisha kwamba huyu ndiye muuzaji bora mjini na abishe peke yake.

Duka lake liko chini ya jengo la ghorofa nne, mtaa wa Tammela. Chumba cha kujaribia magitaa zamani kilikuwa sauna ya wapangaji, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Walipojengewa nyingine mpya, Marketta aliiomba ile ya zamani, akang'oa jiko la mawe, na mahali pa jiko akapanga amplifaya. Mabenchi ya mbao, madaraja matatu, aliyaacha yalivyo. Kuta ni nene, mlango mzito, dirisha hakuna. Unavua viatu mlangoni kama kwenye sauna yoyote, na ukishakaa hakuna anayekukodolea macho. Madaktari na madereva wa malori wamekaa pale na soksi zao zilizotoboka, na mchungaji mmoja pia, wakapiga walichokuja kupiga. Marketta anawajua watu wa kwao. Ukimsimamia mtu ukamtazama, vidole vinamganda. Ukikaa naye benchi moja mkatazama ukuta, atakwambia hata dhambi zake.

Jumatano moja ya Novemba, saa nne asubuhi, aliingia Arvi Rantamäki. Alikuwa mzee wa miaka sitini na nne, mikono mikubwa, kofia mkononi, sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Alikuwa ameendesha winchi katika kiwanda cha karatasi maisha yake yote, na Ijumaa iliyopita alikuwa amestaafu. Wenzake walimpa kadi ya zawadi ya duka lile, yenye pesa za kumtosha kuchagua gitaa lolote ukutani.

"Naweza kushika hilo?" aliuliza.

"Limetundikwa lishikwe," alijibu Marketta.

Lilikuwa gitaa la fundi mmoja wa mji wa Kuopio, anayetengeneza matano tu kwa mwaka. Arvi alikaa nalo kwenye kigoda pembeni, akaegemeza kidevu juu ya ubao wake, akaanza kupiga. Hakuchomeka waya. Saa nzima alipiga hivyo, na gitaa la umeme lisilo na waya halitoi zaidi ya mkwaruzo wa panya darini. Marketta alikuwa kwenye meza yake ya ufundi, kichwa chini, akijifanya anapanga skrubu. Lakini masikio yake yalikuwa kule pembeni, na yaliyokuwa yakimfikia yalimfanya aache skrubu. Mtu yule alikuwa anapiga vizuri mno. Vidole vilijua njia.

Hatimaye Arvi alisimama. "Nachukua hili."

"Hujalisikia."

"Nimelisikia."

"Umelisikia kwa kidevu, bwana."

"Kidevu changu hakina shida."

"Kidevu hakina shida. Njoo saunani."

"Aa, sitaki kukusumbua, mama."

"Mvuke wenyewe hakuna. Vua viatu."

Mwanamume wa Tampere anaweza kukataa vingi, lakini kukaribishwa sauna hawezi. Arvi alivua viatu, akaingia, akakaa benchi la chini kabisa karibu na mlango. Marketta alikaa benchi lile lile, akachomeka waya, akawasha amplifaya kubwa kuliko zote, ile ambayo hubebwa na watu wawili. Taa ndogo za vioo ndani yake zikaanza kuwa nyekundu taratibu, na joto dogo likatoka. Wote wawili walitazama ukuta.

"Sijawahi," Arvi alisema.

"Hujawahi nini?"

"Kuchomeka."

Marketta hakugeuka. Arvi akautazama ukuta na kuueleza ukuta. Gitaa lake la kwanza alilinunua mwaka themanini na mbili, la kiwandani, la bei poa, akisema amplifaya atanunua mwezi ujao. Mwezi ujao akaoa. Seija, mkewe, alikuwa anaoka mikate usiku na kulala mchana, na nyumba yao ni ya ghorofani, juu watu, chini watu. Kwa hiyo alipiga jikoni, bila waya, miaka arobaini. Alitunga hata tango lake mwenyewe, yaani wimbo wa dansi ya polepole, ambao hupiga kila Jumapili. Hakuna mtu aliyewahi kulisikia.

"Na sasa umestaafu, na Seija?"

"Naye amestaafu. Hakuna wa kumwamsha tena."

"Basi kinachokuzuia nini?"

Arvi alishusha pumzi. "Naogopa, mama. Nikipiga kwa sauti, nitasikia kwamba miaka yote arobaini nilikuwa najidanganya. Jikoni pale mimi ni bingwa. Niache nife bingwa."

Muuzaji mwingine angempa moyo, angempigapiga begani, angemwambia yeye ni hodari. Marketta alijua kwamba maneno ya namna hiyo yangemtoa Arvi mlangoni bila viatu. Akanyoosha mkono kwenye kitufe cha sauti, akauliza, kama anavyouliza mtu aliyekaa karibu na ndoo ya maji saunani:

"Kata moja?"

Kwa watu hawa, aliyeshika kata hamwagi maji juu ya mawe ya moto bila kuwauliza wenzake. Na aliyeulizwa, hata kama masikio yanambabuka, hawi wa kwanza kusema imetosha. Wamelelewa hivyo. Arvi alijikuta ameshajibu kabla hajafikiri: "Haya. Moja."

Kitufe kikaenda kwenye moja. Arvi akapiga. Sauti ilitoka kali, ya kukwaruza, kila uzi ukipiga ukelele wake. Aliondoa mikono kana kwamba ameungua.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Ndicho nilichokwambia."

"Nimesikia mtu anamfokea kiziwi," alisema Marketta. "Jikoni ilibidi uchape nyuzi ndipo ujisikie. Huyu si kiziwi. Mnong'oneze."

Arvi akagusa nyuzi kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa. Sauti iliyotoka safari hii ilikuwa nene, ya mviringo, ikabaki hewani hata baada ya kidole kuondoka. Hapo ndipo utajua kwa nini watu huuza mashua zao kwa ajili ya vyombo hivi. Gitaa jema na amplifaya njema havikufunikii kitu. Ukitetemeka vinasema umetetemeka, na ukitulia vinakutuliza zaidi.

"Kata ya pili?"

"Mwaga."

Bandu bandu huisha gogo. Walipofika ya tatu, Marketta alimwambia apande benchi la katikati. Ya nne, Arvi aliomba asubiri kidogo.

"Umechoka? Mchungaji alifika tano."

"Mchungaji yupi?"

"Wa kanisa la hapo juu. Tena alikuwa na mafua."

"Ongeza," alisema Arvi.

Ya saba iliwakuta benchi la juu kabisa, mbao zikitetemeka chini ya mapaja yao, na mzee wa winchi amefumba macho, jasho limemtoka bila moto wowote. Marketta alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka kooni, lakini uso wake ulibaki wa mtu anayengoja basi.

Kisha Arvi akaacha kupiga ghafla. "Ni zuri sana hili."

"Si baya."

"Lakini si langu. Anayepiga hapa ni mgeni. Lile tango haliji."

"Lako liko wapi?"

Arvi alitazama soksi zake. "Ndani ya gari. Nililileta uniambie pa kulitupa."

Hapa Marketta angeweza kunyamaza na kuuza. Kadi ilikuwa mfukoni mwa Arvi, na gitaa la Kuopio lilikuwa mapajani mwake. Badala yake alilichukua gitaa lile, akalirudisha kwenye msumari wake ukutani, akasema, "Kalete."

Lilikuja limefungwa kwenye blanketi, limepauka pale mkono wa Arvi ulipokaa miaka yote. Walilichomeka. Kimya. Marketta alizungusha kila kitufe, akabadilisha waya. Kimya.

"Basi," alisema Arvi, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kurudi ilikotoka. "Limeshakufa."

Marketta alilipeleka mezani, akafungua kibati cha ubavuni, akamulika tochi. Alitazama muda mrefu, kisha akamwita.

"Unaona waya huu? Ulitakiwa kuwa umelehemiwa hapa. Mahali pale ni safi, hapajawahi kuguswa na risasi ya kulehemu. Kuna mtu kiwandani alikwenda kunywa kahawa, akarudi akashika gitaa lingine. Hili halijafa, Arvi. Halijazaliwa."

"Kwa hiyo hata ningelichomeka mwaka ule…"

"Lisingesema neno."

Arvi alimtazama, akatazama gitaa. Bega moja likaanza kumtikisika, kisha la pili, na Marketta alidhani analia mpaka alipomsikia. "Miaka arobaini," alisema Arvi akicheka hadi akashika meza, "nimewaogopa majirani kwa gitaa bubu!"

Kulehemu kulichukua dakika mbili. Waliporudi saunani, Arvi hakungoja kuambiwa, alipanda mwenyewe benchi la juu. Lakini vidole vilikuwa juu ya nyuzi na havishuki.

"Nikipiga, utaniambia ukweli?"

"Nitakwambia si baya. Mimi kila kitu nakiambia hivyo. Tafuta mwingine."

Saa sita ilikuwa imeshapita. Arvi alitoa simu, akapiga nyumbani, akaiweka kwenye benchi pembeni yake, akaifungua sauti.

"Arvi?" ilisema simu. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Seija."

"Wewe hunipigii simu. Kafa nani?"

"Nyamaza kidogo, mke wangu. Sikiliza."

Akapiga tango lake. Lilianza kwa woga, likasimama mahali, likajikusanya likaendelea. Gitaa la bei poa halikuwa na unene wa lile la Kuopio. Lilikuwa na kikohozi fulani katika nyuzi za chini, lakini kila mpigo ulikuwa wa mtu mmoja tu duniani, na huyo mtu alikuwa amekaa pale. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea. Marketta alitazama ukuta kwa nguvu zake zote, kwa sababu macho yalikuwa yamemlowa na hakutaka ionekane.

Sauti ya mwisho ikaisha. Arvi akainamia simu.

"Seija? Upo?"

"Nipo."

"Likoje?"

Mtu akapenga kamasi upande wa pili. "Pale katikati umekosea."

"Pale wapi?"

"Pale pale unapokosea kila Jumapili."

Arvi aliikodolea simu macho, mkono shingoni mwa gitaa. "Ulikuwa unasikia?"

"Kati ya jikoni na chumbani ni ubao mmoja tu, Arvi. Ulidhani nilikuwa napata usingizi vipi na jua lote lile? Haya, rudia. Usikosee."

Arvi alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akarudisha vidole mwanzo. Na Marketta Ylitalo, ambaye kwa miaka thelathini na moja hajawahi kumwongezea mtu sauti saunani bila kuuliza, alinyoosha mkono akaongeza kata moja.