Perege wa Mama Yuditha

Siku yangu ya kwanza kazini, Kasulu, miaka ya sabini ikianza, nilikabidhiwa beseni jeupe na hadubini yenye kioo kilichokwaruzika. Mkuu wa kituo chetu cha mabwawa akaniambia, "Hapa kazi ni kutii. Hiyo elimu ya chuoni iache getini." Nilicheka, nikidhani ananitania.

Kazi yetu ilikuwa kuwatembelea wafugaji wa perege vijijini. Nyinyi vijana mnaoianza leo, shikeni jambo hili: ngozi ya perege ina chembe za rangi, na ndani ya kila chembe mna punje nyeusi ndogo mno. Samaki akikaa juu ya tope jeusi, punje husambaa chembe nzima, naye huwa mweusi. Mhamishie kwenye chombo cheupe, macho yake huona weupe ule, punje hujikusanya katikati na ngozi hupauka. Haumwi chochote! Niliyaona hayo kwa hadubini ile ile mbovu, kwenye gamba moja tu. Mkuu nilimwita aje aangalie, akakataa.

Mama Yuditha, mjane wa Nyakitonto, alichimba bwawa lake kwa jembe kiangazi kizima ili wajukuu wapate kitoweo. Tulipokwenda kumkagulia, tulichota perege sita tukawatia kwenye beseni letu. Mkuu akaenda kupiga soga na mwenyekiti wa kijiji. Aliporudi, samaki walikuwa wamepauka.

"Ugonjwa huu," akasema. "Mwaga chokaa bwawani, wafe wote kabla haujaenea."

Nikaomba chungu cheusi kwa masizi hadi ndani, nikahamishia watatu humo. "Subiri kidogo tu, mzee. Watarudia rangi yao."

"Unanifundisha kazi mbele ya wanakijiji? Mwaga, au kesho rudi kwenu Heru Juu ukalime mihogo!"

Nikamwaga. Kwa mikono hii hii. Perege wakaanza kuibuka matumbo juu, na migongo yao ilikuwa myeusi tii. Mama Yuditha aliinama kwenye chungu, akawaona wale watatu wakizunguka wazima, weusi kama zamani.

"Mwana wanje," akaniambia kwa Kiha, yaani mwanangu, "wewe ulijua?"

Nilibeba beseni nikamfuata mkuu.

Baadaye nilihamishiwa Kibondo. Huko nililipaka beseni langu rangi nyeusi ndani. Mkuu mpya alinifokea kwamba naharibu mali ya serikali, nikamwambia aniandikie barua ya onyo. Akaiandika, nami ninayo hadi leo.

Yule wa Kasulu alipandishwa cheo, na siku ya kumuaga walimsifu kwa umakini. Umakini! Watu husema hasira hupoa mtu akizeeka. Yangu haijapoa, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Nyakitonto kumjibu Mama Yuditha. Mjukuu wake, sasa mtu mzima, akanionyesha kaburi, kisha shimo la bwawa lililoota majani. Akaniuliza bibi yake nilimfahamu vipi.

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemwaga chokaa. Na nilijua."