Ushuhuda Kabla ya Wakati Wake

Mimi ni mtu wa kanuni, sikatai. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Durban, walinichagua kuwa mwenyekiti wa ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwatungia kanuni. Kuchelewa marufuku. Kuomba kwa sauti za kushindana marufuku. Wenzangu walinung'unika wee, wakanibandika jina la Madame Présidente, nami nikajifanya sisikii.

Kanuni niliyoipenda kuliko zote ilihusu kazi ya kujitolea. Kila Jumatano, sisi tuliojua Kiswahili tulikwenda kliniki moja katika mtaa wa Point kuwakalimania akina mama wa Kikongo. Wengi wao walikuwa wasusi au wauzaji wa simu. Kiingereza chao kilitosha kupatana bei, hakikutosha kueleza maumivu ya chini ya kitovu. Sasa, tatizo ni kwamba sisi ukalimani tuliujifunzia kanisani, kanisa la wahamiaji wa Kikongo, na kanisani kwetu mkalimani ni mhubiri wa pili. Mchungaji akiruka, naye anaruka. Mchungaji akisema Mungu anaweza, mkalimani anasema Mungu anaweza, aliweza, na ataweza tena Jumatatu. Basi siku moja mama mmoja akasema tumbo linamsokota, na kijana wetu akamweleza muuguzi kwa kirefu, mikono hewani, jasho linamtoka, mpaka muuguzi akauliza kama huyu mama anaumwa au anaokoka.

Nilikasirika, nikawaka! Jioni ile nikawakusanya wote. Nikawaambia: mkalimani ni bomba. Maji yaliyoingia ndiyo yatakayotoka. Huongezi, hupunguzi. Mtu akishindwa, abaki chuoni aimbe kwaya.

Mama Pasta alicheka sana nilipomsimulia. Huyu alikuwa mke wa mchungaji wetu, na tulimwita hivyo kanisa zima. Alinipokea mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa simjui mtu katika mji ule. Alikuwa na kiti chake cha kusukia katika saluni ya mtaa wa Umbilo, na nyumbani kwao South Beach, katika fleti waliyogawana na familia nyingine kwa pazia, alinisuka bure, akanilisha sombe, kisamvu cha kwao, na kunigombeza kama mama mzazi. Yeye na mumewe walikuwa wamengoja mtoto kwa miaka. Mimba moja ilikuwa imefika karibu na mwisho, na mtoto akatoka hana uhai. Kanisani wakanong'ona kwamba lazima mama alikiri hofu, yaani aliitamka kwa kinywa.

Hapo nieleze. Kwetu neno likitoka kinywani limeshaota mizizi. Homa inakutetemesha, mtu anakuuliza habari, unajibu, "Niko muzima kwa jina la Yesu." Kusema unaumwa ni kuukaribisha ugonjwa sebuleni na kuupa kiti. Nami nilikuwa hivyohivyo. Chuoni wakiniuliza, "Mwenyekiti, umechoka?" nilijibu kwamba nguvu zangu zatoka juu, huku macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nililiamini jambo hilo, na sehemu yake bado naiamini. Nimewaona watu wakisimama kwa maneno tu, miguu ikiwa imeshakataa.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, Mama Pasta alipata mimba tena. Jumanne moja nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya magoti yake, ananisuka. Kila baada ya muda alisimamisha mikono, akanywa soda ya baridi, akabonyeza tumbo kwa ubavuni. "Amka, bebe," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaendelea kusuka. Kisha akasimama tena.

"Mama Pasta," nikauliza, "mtoto hachezi?"

Alinivuta nywele mpaka machozi yakanitoka. "Weye! Funga kinywa! Iko anacheza. Kesho tunaenda kliniki, wataniuliza, na nitawaambia iko anacheza."

Nikafunga kinywa. Lakini nywele zile zilitoka kombo upande mzima.

Kesho yake mumewe alikuwa kazini, mlinzi wa jengo moja la ufukweni, kwa hiyo tulikwenda wawili. Muuguzi wa siku hiyo alikuwa mama wa Kizulu mnene, mpole, mwenye kuchoka. Alimpima damu, akasikiliza moyo wa mtoto kwa kile chombo chake kidogo. Tuk-tuk-tuk, upo. Mama Pasta akanitazama kwa macho ya unaona sasa. Kisha muuguzi akauliza, nami nikakalimani: mtoto anacheza kama kawaida?

"Anacheza," alisema Mama Pasta. "Kwa jina la Yesu, anacheza."

Nikamwambia muuguzi: anasema anacheza.

Bomba, si ndiyo? Maji yaliyoingia ndiyo yametoka. Muuguzi akasema sharp, yaani sawa, akaanza kuvua glovu. Nikimwambia muuguzi kwamba mama huyu anaficha, nimevunja kanuni yangu mwenyewe, na kwa Mama Pasta nimefanya jambo baya zaidi: nimemtamkia mtoto wake kifo. Nikinyamaza, tunarudi South Beach kunywa soda na kubonyeza tumbo. Eish, niliomba kweli pale niliposimama, kwa kimya. Sijui kama nilijibiwa au ni akili tu iliyonikumbusha jinsi tunavyoishi. Kuna mahali pamoja tu kanisani kwetu ambapo mtu anaruhusiwa kuutaja ugonjwa wote, kuanzia kichwani mpaka kwenye unyayo, na watu wanamshangilia: ni pale mbele, anapotoa ushuhuda, kwa sababu ameshapona.

"Mama Pasta," nikasema, "siku utakaposimama mbele na mtoto mkononi, ushuhuda wako utaanzia wapi?"

Alinikazia macho. Nilidhani atanichapa kofi. Muuguzi alitungoja, glovu moja imetoka na nyingine bado. Ndipo Mama Pasta akanyoosha mgongo, akaweka sauti yake ya Jumapili.

"Bwana asifiwe."

"Amina," nikajibu.

"Wapendwa, kulikuwa siku mutoto wangu alianza kunyamaza. Nilizoea ananipiga ninapokula, ninapoimba. Akapunguza. Nikanywa baridi, nikalala upande wa kushoto, akapiga kidogo. Halafu ikafika siku, tangu jua linatoka, hakupiga hata mara moja. Niliimba wimbo anapenda. Hakupiga." Machozi yalimtiririka lakini sauti haikupinda. "Na Bwana akatenda."

Nilikalimani yote kama alivyosema, pamoja na Bwana asifiwe. Muuguzi alinisikiliza huku amekunja uso. Akauliza: hayo yalitokea lini? Mimba ipi?

Nikamjibu mwenyewe, bila kumuuliza mwenye ushuhuda. Nilisema: leo.

Basi, mambo yakaenda mbio. Muuguzi akapiga simu, gari la wagonjwa likaja, tukapandishwa. Njiani Mama Pasta alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Mimi sikusema leo," alisema.

"Najua, Mama."

"Akikufa ni kinywa chako."

Nilisema ndiyo. Hospitali walimchungulia kwa mashine, hawakumaliza hata kuzungumza, wakamwingiza kumpasua. Nilikaa korido na viatu vyake mapajani, na kila mtu aliyenipita akaniuliza kama niko sawa. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mwenyekiti nilisema hapana, siko sawa, naogopa sana. Hakuna kilichobomoka. Mama mmoja msafishaji aliniletea chai.

Alitoka msichana, mdogo, mwekundu, amekasirika. Alikaa hospitali majuma kadhaa, akarudi nyumbani.

Chuoni niliwaeleza wenzangu yaliyotokea, nikiwa tayari kuvuliwa cheo. "Madame Présidente," akasema yule kijana wa mikono hewani, "kumbe bomba lilitoboka?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka. Kanuni hatukuifuta, tuliiacha palepale. Ilikuwa nzuri kwa siku nyingi, ila si kwa siku ile.

Kisha ikaja Jumapili ya ushuhuda. Kanisa lilijaa, na kwa kuwa kulikuwa na Wazulu na watu wengine, nilisimama mbele kukalimani kama kawaida. Mama Pasta alikuja na mtoto amefunikwa kwa kitenge. Mumewe alikaa mstari wa kwanza. Akasema Bwana asifiwe, akaanza kwa maneno yaleyale ya kliniki: kunyamaza, baridi, upande wa kushoto, wimbo. Nami nilikuwa nayajua, Kiingereza kikanitoka bila taabu. Watu walikuwa wameshainua mikono kungoja kushangilia.

Lakini alipofika kwenye "Hakupiga," akasimama. Akawatazama akina mama wa mstari wa pili, walewale walionong'ona, mmoja mmoja.

"Na mbele ya huyu kuzaliwa kulikuwa mwingine," akasema. "Munasema nilikiri hofu. Sikukiri kitu. Ule mutoto alinyamaza, kliniki wakaniuliza, nikasema iko anacheza."

Mikono ilishuka. Mumewe aliinamisha kichwa. Mama Pasta akanigeukia, akangoja.

Nikakalimani neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza.