Kompyuta Niliyoibeba Kichwani

Shida zangu zilianza mwaka 1976, nikiwa na miaka minane. Mama alifariki kwa uzazi, baba akarudi kwao bara akisema ataleta habari, na habari hizo hazijafika mpaka leo. Nikachukuliwa na bibi mzaa mama, hapa hapa Manzese, na shule nikaishia darasa la tatu. Sikwambii ili unionee huruma, huruma yako kaa nayo. Nakwambia kwa sababu juzi nilishuka Kariakoo na kompyuta kichwani, watu wakanicheka, na tangu siku hiyo bibi yangu haniondoki mawazoni.

Ngoja nikueleze vizuri. Mie nina banda la gemu, nyuma kidogo ya barabara yanayopita mabasi ya mwendokasi. Vijana wanaingia, wanalipia, wanacheza mpira kwenye skrini, wanatukanana, wanaondoka. Kuliendesha anaendesha mjukuu wangu wa kike. Kompyuta ni moja tu, mtumba uliotolewa kwenye ofisi za watu, boksi jembamba la kijivu. Imetulisha miaka. Sasa likatoka gemu jipya la mpira, yetu ikalikataa. Inaonyesha kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu skrini inakuwa nyeusi. Vijana wakahamia banda la ng'ambo ya mtaro.

Mjukuu akaniambia bila kuzunguka: "Bibi, ikishindikana mwezi huu nafunga. Naenda Wazo kwa shangazi, nikauze naye chakula pale kwenye malori ya saruji."

Nikamjibu, "Nenda."

Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Lakini nimechoka, rafiki yangu. Nimezika mume, nimezika mtoto wa kwanza, ambaye ndiye mama yake huyu binti. Akiondoka na yeye, ile nyumba nitakuwa naongea na sufuria.

Bahati zamu yangu ya mchezo ikafika, ule wa kuchangiana pesa tunaocheza akina mama wa mtaani. Pesa ya mchezo ikaenda kwenye mchezo, cheka kama unataka. Ilikuwa inatosha kitu kimoja cha maana, au viwili vya kawaida. Ikikosewa, hakuna nyingine. Mjukuu alikuwa keshachagua. Ananionyesha kwenye simu: kadi ya picha, ndiyo inayofanya gemu lionekane vizuri, kubwa, nyeusi, ina feni mbili. Kweli ilikuwa nzuri. Nikauliza, "Itaingia?"

"Itaingia wapi, bibi?"

"Humo ndani ya boksi."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Bibi naye! Hii siyo sufuria."

Hapo alinirudisha mbali.

Bibi yangu alikuwa anauza supu ya kichwa cha ng'ombe na makongoro, yaani miguu yake, kando ya Barabara ya Morogoro, wateja wake makuli na madereva wa malori. Kazi yangu ilikuwa kuunguza manyoya. Unashika kwato kwa mkono, unaipitisha kwenye moto, unaparuza kwa kisu kibovu, unarudisha tena motoni. Harufu ile inaingia kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye daftari. Darasani waliniita Kwato, na mwalimu naye siku moja ilimponyoka akaniita hivyo hivyo, darasa zima likaanguka kicheko. Nilipoacha shule sikulia sana.

Lakini ile supu! Ikianza kuchemka, ndimu na pilipili mbuzi pembeni, chapati imefunikwa na kitambaa, usingizi wote unakutoka. Bibi alikuwa ananipa bakuli la kwanza kabla ya mteja yeyote. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Bakuli ndilo lilikuwa neno lake.

Sasa sikiliza alivyokuwa akinunua. Bibi alikuwa na sufuria moja kubwa, na kwenda machinjioni hakwenda na kapu tu, alikwenda na mfuniko wa ile sufuria kichwani, kama kofia. Wauza vichwa wakimwona wanapiga kelele: "Mama Mfuniko huyooo! Leo mvua itanyesha?" Yeye hana habari. Anafika, anauweka mfuniko juu ya kichwa cha ng'ombe, anaangalia pua imezidi wapi, pembe zimezidi wapi. Muuzaji anamsifia kile cha dume, kikubwa, nyama mpaka mashavuni, na bei kashusha. Bibi anamuuliza, "Mfuniko unasemaje?" Kichwa kikizidi, anasogea kwa mwingine. Hata mie nilikuwa naona aibu, najifanya nimekuja na watu wengine.

Siku moja mfuniko ulikuwa umeazimwa msibani. Bibi akaenda hivyo hivyo, akauziwa kichwa kimoja kikubwa kwa bei ya kichwa kidogo. Alirudi anatabasamu, na bibi kutabasamu ilikuwa habari. Tukakiweka kwenye sufuria, kikabaki nusu nje, macho yanatutazama. Tukakigeuza, kikasimama kama kinaswali. Mwenye shoka, jirani yetu, alikuwa kasafiri. Tukahangaika na panga na jiwe mpaka jua likatoka, moto umeshakula mkaa, maji yamekauka. Makuli wakaja, wakaona hakuna supu, wakaenda kwa mama mwingine upande wa pili. Wengine hawakurudi tena. Yule mama mwingine alikuwa anatia ndizi kwenye supu, wakazipenda. Bibi alikaa kwenye kigoda anapepea nzi kwenye nyama ambayo hakuna aliyeinunua, na mie niliogopa kumuuliza kama tutakula.

Ndiyo maana nilimwambia mjukuu, boksi tunakwenda nalo.

"Bibi, watu wapige picha!"

"Wapige. Nivae kanga nzuri?"

Tulishuka kituoni Kariakoo, nikalifunga boksi kwenye kanga, nikatia kata ya kitambaa kichwani, nikajitwika. Mjukuu anatembea mbele yangu hatua kadhaa, kajifanya hanijui. Sikumlaumu, namjua aliyemrithi. Kijana mmoja muuza chaja akapaza sauti, "Bi mkubwa! Hiyo maiti ya kompyuta unaipeleka kuzika?"

"Naitafutia mume," nikamwambia. "Wewe umeoa?"

Wenzake wakamzomea yeye.

Kwenye duka la vipuri vya kompyuta tulimkuta mwenye duka, mzee wa Kihindi wa rika langu, Kiswahili chake cha pwani kimenyooka kuliko changu. Vijana wake wanajibana mbavu. Yeye akasimama, akanipokea mzigo kwa mikono miwili. "Karibu, dada. Umefanya la maana, wengi wanakuja na maneno tu."

Wakalifungua boksi. Mjukuu akaomba ile kadi kubwa yenye feni mbili, wakaileta, ikajaribiwa. Ikagota kwenye kichuma cha ndani, ikabaki nusu nje kama ulimi wa mbwa. Wakaigeuza. Ikagoma.

Kijana wa duka akasema, "Hicho kichuma tunakikata tu, bibi. Dakika moja."

"Ukate boksi langu kwa sababu ya kadi yako?"

Mwenye duka akamnyamazisha. Akatueleza taratibu kwamba hata wakikata, umeme wa boksi lile ni mdogo, hautaibeba kadi ile. Itabidi kubadilisha kifaa cha umeme cha ndani, na kifaa kikubwa kinataka boksi jingine, mwisho utajikuta umenunua kompyuta nzima. Halafu akachungulia ndani tena, akasema, "Dada, ugonjwa wa kwanza wa hii ni kumbukumbu. Kumbukumbu zake ni chache mno."

Nilicheka hadi wakanipa kiti. "Kaka yangu, kama ni kumbukumbu, mie ninazo za kugawa. Nyingine nalipa mtu azichukue."

Naye akacheka. Akatoa vijiti viwili bapa, vya kijani, vyepesi kama chanuo la mtoto. Ndizo kumbukumbu hizo, zinachomekwa ndani. Nikaviweka kiganjani. Havina uzito kabisa. Akatoa na kadi nyingine ya picha, mtumba, fupi, feni moja, sura ya unyonge. Hivyo viwili pesa yetu ilivitosha, na ndani vilikaa.

Mjukuu akakunja uso. "Bibi, picha itakuwa mbovu. Watatucheka."

"Banda unaendesha wewe," nikamwambia. "Na Wazo unakwenda wewe. Chagua."

Aliweka mkono juu ya ile kubwa, akaipapasa feni moja kisha ya pili. Mwisho akaisukuma pembeni. "Tufungie kumbukumbu na hiyo fupi."

Gemu lilifunguka. Siyo kwa mbwembwe. Nyasi za uwanja hazina majani, ni kijani tu kama zulia la msikitini, na mashabiki jukwaani ni kama makaratasi yaliyokatwa. Kijana wa kwanza kuingia akasogea karibu na skrini. "Bibi, shikamoo. Mashabiki wako mbona hawana pua?"

"Marahaba. Umekuja kucheza au kuposa?"

Akacheza. Jioni wakawa wanne, wanapokezana pedi za kuchezea, makelele yale yale. Siyo wote waliorudi. Wapo waliozoea ng'ambo ya mtaro, ndiyo watu walivyo. Mjukuu hajaitaja Wazo tena, na mie sijamuuliza.

Pale bibi alipokuwa akipikia siku hizi ni lami na zege, mabasi yanapita kwa kasi. Nimewahi kusimama nikitafuta mahali hasa jiko lilipokuwa, mlinzi akaniambia mama usisimame hapo. Hakuna anayeunguza kwato mtaani, supu ya asubuhi wanaletewa na pikipiki ndani ya plastiki. Bibi hakuacha picha hata moja. Sauti yake nikiitafuta siipati, naipata mikono tu. Nikiondoka mie, na mikono hiyo imekwisha.

Haya. Leo nina nyumba ya vyumba vinne, viwili nimepangisha. Nina kiwanja Mbagala, bado pori. Nina banda la gemu, kompyuta moja, skrini mbili, pedi nne, moja kitufe chake kinanata. Friji la soda. Vitanda vitatu vya mninga. Goti moja zima. Na mjukuu, ingawa yeye si mali yangu. Leo amefungua banda kabla sijaamka.