Promota Haron na Ngoma Tatu za Kisilu

Watu wa Riruta wakimtaja Haron Mungai husema "yule promota", tena kwa heshima, maskini ya Mungu. Mimi, Makau, nilipiga tarumbeta nyuma ya mgongo wake miaka sita. Niacheni niseme ninavyomjua.

Mwaka wa themanini na mbili alikuwa mwimbaji wa bendi yetu ya salsa. Suti nyeupe ameshonewa na Chunilal wa Biashara Street, viatu vyeupe, kofia nyeupe, na chini ya kofia hamna kitu. Aliimba Kihispania. Kihispania gani, jamani? Alikariri tu kutoka kwa santuri, bila kujua kama anaomba penzi au anaomba chumvi. Mtu kazaliwa Riruta, kalelewa Riruta, hata Malaba mpakani hajafika, lakini akishika maikrofoni anajifanya Kiswahili kinamtatiza! Sauti alikuwa nayo, hiyo siwezi kumnyima. Wasichana walikuwa wakimkimbilia, naye akiwapa mkono kwa ncha za vidole.

Siku hizo wanamuziki wengi wa Nairobi hawakuwa na vyombo. Magitaa, spika, hata tarumbeta niliyokuwa nikipuliza, vyote vilikuwa vya tajiri. Sisi tulileta mikono na midomo. Ukikosana na mwenye vyombo unatoka kama ulivyoingia. Tajiri wetu alikuwa Mahesh, muuza redio wa River Road, mtu mkali sana kwa mambo ya saa. Ukichelewa dakika tano anakusubiri mlangoni na saa yake mkononi.

Haron hakumpenda. Mwaka wa themanini na nne akatuitisha mgomo, akapanda juu ya kreti ya soda nyuma ya duka na kupaza sauti: "Tutapiga vyombo vya wengine mpaka lini? Kila mtu apewe kitu yake!" Tukashangilia mpaka koo zikakauka. Mimi nililia. Ndiyo, nililia, mjinga mimi.

Ni mmoja tu kati yetu aliyekuwa na chombo chake. Kisilu wa Kangemi, mpiga konga, zile ngoma ndefu za salsa, alikuwa seremala kwenye karakana ya Gurdeep. Konga za dukani hangeweza kununua, kwa hivyo akatafuta magogo matatu ya mringaringa, akayachonga mwenyewe kila jioni baada ya kazi, miezi saba. Ngozi tulienda kuchukua pamoja machinjioni Dagoretti. Tulizibeba mbichi mabegani, tukatembea nazo hadi Kangemi, mbwa wa Kawangware wakitufuata nyuma kama waumini. Nilinuka wiki nzima. Lakini zile ngoma zilipolia mara ya kwanza, wacha tu! Hata Mahesh alitoka dukani kusikiliza.

Kisilu alikuwa akiziweka kwa stoo ya Mahesh kwa sababu nyumbani alikuwa na chumba kimoja na watoto wanne. Na Mahesh, pamoja na ukali wake wote, hakuwahi hata siku moja kusema ni zake. Kisilu akizitaka anafunguliwa, anachukua, anaenda kupigia harusi kwao.

Basi mwaka wa themanini na nane Mahesh akahamia ng'ambo, na Haron akauza kiploti alichoachiwa na babake Riruta, akanunua vyombo vyote. Sisi tukafurahi. Mwenzetu! Mtu wa mgomo! Wiki ya kwanza akabadilisha kufuli ya stoo. Wiki ya pili akaacha kuimba, akasema sasa yeye ni promota, tumwite Bwana Mungai. Akafungua ofisi Tom Mboya Street, chumba kisicho na dirisha, akanunua simu ambayo nadhani haikuwa imeunganishwa.

Kisilu akaenda kuchukua ngoma zake. Haron hata hakuinuka kwa kiti.

"Nilinunua stoo na vitu zote ndani. Vyombo ni za mwenye vyombo, Kisilu. Si hiyo ndiyo sheria ya muziki?"

Ebo! Mtu aliyepanda kreti! Kisilu alirudi mara ya pili, mara ya tatu, mwisho akawa anakuja tu kuuliza kama zinatunzwa. Haron akazipaka rangi nyekundu na nyota, akawa anazikodisha kwa hoteli za mjini ati ni ngoma halisi za Havana. Kisilu akaacha muziki. Aliniambia hawezi kuchonga zingine, mikono imekataa. Kila tulipokutana Kangemi sokoni aliniuliza kitu kimoja: "Makau, utanisaidia nizipate?" Nami nilikuwa nikijibu, "Ngoja tu, siku yako itafika."

Ikafika Julai ya tisini na nne. Haron alileta bendi kutoka Kuba, Wakuba kweli, ipige Jumapili mchana katika ukumbi mmoja wa mjini. Aliwaandikia wasijisumbue kubeba konga, anazo. Sisi wa zamani tukapewa nafasi ya kufungua onyesho. Kumbe promota wetu, miaka yote hiyo ya kujidai, hakujua kwamba ngozi hulegea ikishikwa na baridi! Saa nane, ukumbi umejaa, mpiga konga wao anagonga na ngoma inatoa sauti ya godoro. Akamtazama Haron. Haron jasho jembamba likamtoka, akatuma gari mbio Kangemi.

Kisilu alikuja na ovaroli ya kazi, na jiko la makaa. Alizishika kwanza, akapitisha kiganja kwenye ile rangi nyekundu. Kisha akamgeukia Haron, mbele ya wageni na wafanyakazi wote wa ukumbi.

"Nitazipasha moto. Lakini kwanza sema ni za nani."

"Kisilu, watu wanangoja."

"Sema."

Haron akacheka kile kicheko chake cha ofisini. "Muulize Makau. Makau alikuwako. Makau, zile ngoma si tulizikuta kwa stoo ya Mahesh?"

Kisilu akanitazama. Mkononi nilikuwa na tarumbeta ya Haron. Miaka miwili nilikuwa sijapanda jukwaani, na nyuma ya pazia nilisikia watu wakipiga miluzi.

"Zilikuwa kwa stoo," nikasema.

Kisilu alipuliza makaa, akazigeuza ngoma moja moja juu ya jiko, polepole, akigonga kwa kidole na kutega sikio, mpaka zote tatu zikakubali. Akazibeba mwenyewe hadi jukwaani na kumwonyesha yule Mkuba kwa ishara asiziweke karibu na mlango, zitapata baridi. Akachukua jiko lake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Halafu tukafungua. Nilipiga vizuri siku hiyo, vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, na Haron akanikumbatia mbele ya watu.