Rozina Aoko na Barua ya Sababu Binafsi

Rozina Aoko alikata minofu ya sangara kwa miaka ishirini na mitatu, akiwa amesimama. Nasema akiwa amesimama kwa sababu watu wakisikia kiwanda wanadhani kuna viti. Hakuna viti. Kuna meza ndefu ya chuma, barafu, mabuti ya mpira yanayofika magotini, na kisu. Samaki anakuja mzima, unamkata ubavu huu, unamgeuza, unamkata ubavu wa pili. Mnofu unakwenda Ulaya. Panki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, linakuja kwa watu kama mimi. Mimi nakaanga mapanki mtaani Kirumba. Ndivyo tulivyojuana, yeye upande wa mnofu, mimi upande wa mifupa, na vyumba vyetu vya kupanga viko ukuta kwa ukuta tangu binti yake Amondi ananyonya.

Alikuwa Mjaluo wa Rorya, mjane. Mume wake, Ogweno, alikuwa dereva wa lori la barafu. Alikufa kwa ajali, akarudishwa kwao kuzikwa kwenye mji wa baba yake. Kwa desturi yao mke naye anazikwa hukohuko kwa mume, mbele ya nyumba yake mwenyewe. Mwili unaingizwa ndani kwanza, unalala humo, ndipo unatolewa. Si nyumba ya shemeji, si ya mkwe. Yako. Nyumba ya Aoko ilikuwa ya udongo, ikaanguka masika yaleyale aliyofiwa, na hakuijenga tena kwa sababu kila shilingi ilikuwa inakwenda kwenye ada ya Amondi.

Niliwahi kumuuliza, asiye na nyumba wanamfanyaje?

"Kama walivyomfanya Hellen," alinijibu. Hellen alikuwa mke wa shemeji yake mkubwa, aliishi Musoma miaka yote, hakujenga. "Walisimamisha nguzo asubuhi, wakaazima mabati, wakamwingiza. Kesho yake baada ya matanga, watu bado wana sahani mkononi, mabati yakateremshwa. Mwenye mabati alikuwa anayahitaji. Mama Dorcas, mimi nilikuwa nimekaa palepale. Kaburi bado bichi, na nyumba ya marehemu inabebwa kichwani inapita."

Tangu siku hiyo hilo ndilo lililomkaa moyoni. Wengine wanaogopa kifo. Yeye aliogopa mabati ya kuazima.

Basi mwaka jana mwezi wa kumi miguu yake ikaanza kuvimba. Jioni akivua mabuti, alama ya ukingo inabaki kwenye ngozi mpaka asubuhi. Nikamwambia nenda hospitali. Akaniambia anaogopa ofisi.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili mtamwona mjinga, na hakuwa mjinga. Kiwandani wanapimwa afya kila baada ya miezi sita. Anayeshika chakula cha watu awe mzima, hilo nalielewa. Lakini wanawake wa mezani wamelielewa kwa namna yao: ukionekana unaumwa unaondolewa mezani, na ukiondolewa hurudi. Kwa hiyo ugonjwa unafichwa. Vipimo vyao ni choo na kifua, figo haimo. Bima ya kazini ina jina lako, ukiitumia ofisi inajua. Kwa hiyo mwanamke wa mezani akiumwa ugonjwa wa maana, anakwenda hospitali kwa hela yake na kwa jina la mtu mwingine. Si Aoko peke yake. Ni wengi. Aoko alijiandikisha kwa jina la mdogo wake, Bernadeta.

Alirudi na karatasi, akakaa kwenye ndoo yangu ya maji, iliyofunikwa.

"Figo zimekufa," alisema. "Wamesema damu isafishwe kwa mashine, mara tatu kwa wiki, mpaka nife."

"Na usiposafisha?"

"Pia mpaka nife."

Akacheka. Mimi sikucheka, nikageuza samaki.

Kila Januari kiwanda kiliwapa karatasi ya mfuko wao wa akiba. Kila mwezi mfanyakazi alikuwa akikatwa kidogo, na kiwanda kikiongeza kiasi kilekile juu yake. Chini ya karatasi, kwa herufi nene, iliandikwa Jumla. Ya Aoko ilisoma milioni kumi na nne. Aliiweka ndani ya Biblia, na aliitazama kuliko Biblia. Umri wa kuchukua ni miaka hamsini na mitano. Yeye alikuwa na hamsini na miwili, na daktari hakumpa mitatu.

"Nimeongea na fundi wa Rorya," aliniambia. "Vyumba viwili, matofali ya kuchoma, bati geji ishirini na nane. Kumi na moja inatosha. Tatu zinazobaki ni za Amondi. Naacha kazi, nachukua changu."

"Na hiyo mashine ya damu?"

"Mashine hainijengei."

Mimi ni darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni mzuri, na wanawake wa kiwandani huniletea barua zao. Nikanawa mikono, nikachukua karatasi yenye mistari. Tulipofika kwenye sababu nikamuuliza niandike nini.

"Andika ile ya wote. Sababu binafsi."

"Si useme tu unaumwa?"

Alinikazia macho. "Wewe unataka nikose hata hiki? Waseme nimewakatia samaki wao nikiwa na maradhi, wanifukuze mikono mitupu?"

Nikaandika. *Naacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu binafsi.* Mwandiko ulinyooka vizuri sana. Alitia saini, akapeleka, ikagongwa muhuri siku hiyohiyo. Ofisi ile muhuri haichelewi.

Mwezi wa tano akaitwa kuchukua hela. Nilimsindikiza kwa sababu kutembea kulikuwa kumemshinda, alivaa ndala za mwanaume ndizo zilizomwingia. Dada wa mahesabu ya mfuko anaitwa Mehjabeen, mtoto wa mtaa wa Mirongo, mjini hapahapa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alisimama, akatoa shikamoo, akavuta viti viwili. Nikajua kuna jambo. Ofisi hazikupi kiti bure.

"Mama, hii kumi na nne uliyoiona ni saba zako na saba za kiwanda," alisema. "Mtu akiacha mwenyewe kabla ya umri, za kiwanda zinabaki kiwandani. Ndivyo kanuni za mfuko zilivyo."

Aoko alianza kuhesabu kwa vidole.

"Zako saba zinakatwa kodi. Na kwa kuwa zinatoka zote kwa mkupuo, kodi inazihesabu kama mshahara wa mwezi mmoja."

"Mshahara wa nani?" niliuliza mimi.

"Wake."

"Huyu? Milioni saba kwa mwezi?"

"Kwa mwezi huu, ndiyo."

Miaka ishirini na mitatu hajawahi kupata hata laki nne. Mwezi anaoondoka ndipo anapewa cheo cha bosi, apate kukatwa kama bosi. Nilisema hivyohivyo, kwa sauti, na Mehjabeen hakunibishia. Aliigeuza karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Milioni tano na chenji.

Aoko aliusoma mstari.

"Sangara wa kilo kumi na nne," alisema, "anatoa mnofu kilo tano."

Basi. Na ni kweli, huo ndio uzito wake, kila mkata minofu anaujua kwa kichwa. Mtu aliyepima samaki miaka yote hiyo, getini uzito mmoja na mezani uzito mwingine, kwenye karatasi yake mwenyewe alisoma uzito wa getini akafunga hesabu ya nyumba.

Mehjabeen alikuwa ameziona zile ndala. "Mama, unaumwa?"

"Kidogo."

"Hii si kidogo. Mbona barua haikusema? Anayetoka kazini kwa ugonjwa anachukua zote kumi na nne, na kwa kanuni zetu kodi hakatwi. Kifungu kipo."

Nilitazama mikono yangu, maana ndiyo iliyoandika.

"Sasa irudisheni barua," nilisema, "niandike nyingine."

"Imeshapokelewa, mama, na kodi imeshapelekwa. Lakini nileteeni karatasi za hospitali zenye tarehe ya kabla ya barua. Naweza kuzipeleka kwenye bodi ya mfuko."

Aoko alikuwa nazo kwenye mkoba, hakuwa akiziacha nyumbani. Akazitoa, zimekunjwa mara nne. Mehjabeen akasoma, akaweka kalamu chini.

"Huyu Bernadeta ni nani?"

"Mdogo wangu."

"Ndiye anayeumwa?"

"Hapana. Ni mimi."

Mehjabeen alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeona hilo mara nyingi. Nadhani alikuwa ameliona mara nyingi. Akasema tuape kiapo kwa wakili kwamba Bernadeta wa hospitali na Rozina wa kiwandani ni mtu mmoja, na Bernadeta mwenyewe naye aape kwamba ni mzima. Bodi ilikuwa ikae mwezi wa tisa.

"Mwezi wa tisa," Aoko alirudia, kama mtu anayeambiwa nauli ya mahali asikokwenda.

Tuliapa. Wakili alichukua yake. Zilizobaki Aoko alizipeleka Rorya zote, hakuacha hata ya dawa. Shemeji yake Okwach, mdogo wa marehemu Ogweno, akasimamia. Matofali yakanunuliwa, msingi ukachimbwa, kuta zikapanda mpaka lenta, pale juu ya madirisha, hela ikaisha hapo. Mbao hakuna, bati hakuna. Okwach alimtumia picha kwenye simu ya Amondi. Aoko alinionyesha.

"Hapa ndipo mlango," alisema. "Unaangalia mashariki."

"Nzuri."

"Acha uongo. Ni zizi." Kisha akasema taratibu, "Bodi ikikubali, bati."

Miezi miwili alikaa nami kwenye jiko la mapanki. Alikuwa akiwakaripia wateja wangu wanaochagua vichwa. Kisu changu alikuwa akikitazama kwa dharau, akasema hakina makali hata ya kumkata dagaa, akakinoa. Mwezi wa saba mikono nayo ikavimba. Amondi alimpeleka hospitali, mara hii kwa jina lake halisi, Rozina, na wahudumu wakamwambia huyu hana historia hapa, faili ni jipya. Alikufa tarehe kumi na nane Agosti, asubuhi, wakati Amondi amekwenda kununua uji.

Mehjabeen alikuja msibani Kirumba kabla mwili haujasafirishwa. Alileta sukari na mchele, akakaa chini na wanawake. Niliona nimuulize tu, maana lilikuwa linanikereketa.

"Angekufa akiwa bado kazini, ameshika kisu chao, ingekuwaje?"

Alijifuta uso kwa mtandio.

"Warithi wangepewa zote," alisema. "Bila kodi."

"Kwa hiyo kama nisingeandika ile barua."

"Mama Dorcas."

"Nauliza tu. Nijue."

"Ndiyo," alisema. Namshukuru hakunidanganya.

Tulifika Rorya siku ya Alhamisi. Kuta zilikuwa zimesimama pale, nyekundu, madirisha matupu, mbuzi wakatoka ndani tulipoingia. Okwach alikuwa ameshaongea na kanisa. Mabati kumi na sita yalikuwa yameletwa kwa mkokoteni, ya chumba cha darasa la watoto wanachokijenga. Vijana wakaweka fito juu ya lenta, wakayapigilia mabati juu juu, misumari michache, ili yasiharibike. Wakamwingiza. Alilala ndani yake usiku ule, na Amondi alilala naye, na upepo wa ziwa ulipokuja yale mabati yalipigapiga kama sufuria. Kesho yake tukamzika mbele ya mlango unaoangalia mashariki.

Siku ya nne baada ya maziko, watu bado wako kwenye uji, nikasikia nyundo. Niliinuka nikasogea, nikamshika Amondi mabegani nimgeuzie upande mwingine. Hakukubali kugeuzwa. Aliyatazama yote kumi na sita yakishuka, moja moja.

Mzee wa kanisa akayapanga kwenye majani, akayakagua, akamwita Okwach. Okwach akanijia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa mgeni mwenye mkoba.

"Shemeji, wanasema mabati yana matundu ya misumari. Walitoa mazima. Wanauliza nani atalipia matundu."

"Waambie waende wakadai kule kodi ilikokwenda," nilisema. "Mama huyu alilipa kama bosi."

Hakuelewa. Alikuwa bado amesimama, anangoja, na mzee wa kanisa naye anatutazama kwa mbali, kofia mkononi, si mtu mbaya. Nikafungua mkoba. Nilikuwa na nauli ya kurudi na kidogo juu yake. Nikalipa matundu.

Mwezi wa tisa bodi ilikaa. Amondi alipokea meseji ya mistari miwili: ombi limefungwa kwa kuwa mwombaji amefariki. Kuta bado zipo. Okwach anafungia ndama humo.