"Ndiyo" Niliyoitafsiri Vibaya

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Sydney, msimamizi wa wakalimani alinitazama juu mpaka chini akasema, "Wewe ni mdomo tu. Usishauri, usipunguze, usiongeze." Nilikasirika. Mimi mwalimu mzima kutoka Tanga, niwe mdomo! Kumbe alikuwa ananifunda.

Nyie mnaoanza kazi hii, jueni kwanza kosa la jinai la shirikisho, yaani la Australia nzima, linavyoundwa. Bunge huliandika, neno kwa neno. Serikali, kupitia polisi na waendesha mashtaka wake, huamua nani ashtakiwe. Mahakama husema neno lile la Bunge lina maana gani, na kama limethibitishwa. Mkalimani hana kiti kwenye mihimili hiyo, ila mshtakiwa wetu husikika kupitia kwake.

Basi kulikuwa na mama mmoja Mrundi wa mtaa wa Mount Druitt hapa Sydney, mtunza wazee. Alipokea boksi la mtu wa kanisani kwake, lililopitia bandari ya Port Botany. Chini ya vitenge mlikuwa na dawa za kulevya. Sheria ilitaka ithibitishwe kwamba alijua. Polisi akauliza, nami nikatafsiri: "Hukujua kilichomo?"

"Ndiyo, Mama," akanijibu.

Nikasema kwa Kiingereza, "Yes." Ee Mungu wangu! Kwetu Waswahili, "ndiyo" hapo maana yake ni kweli, sikujua. Kwa Kiingereza, "yes" hapo hulipinga swali, ikaandikwa kwamba alijua. Akawekwa rumande.

Kesi ilipofika kwa jaji, nikaitwa tena kumkalimania. Rekodi ya mahojiano yale ya polisi ikachezwa, nikamtafsiria jinsi jibu lake lilivyoandikwa: kwamba alijua. Yule mama akapiga kelele, "Jamani, miye nilisema sikujua!"

Nikasimama. "Mheshimiwa Jaji, kosa ni la mkalimani. Ni langu."

"Unaelewa kwamba unajishtaki mwenyewe?"

"Naelewa, Mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka akaomba muda wa kupitia ushahidi upya. Bila jibu lile hakubakiwa na kitu, akaondoa mashtaka. Mimi nikasimamishwa kazi kwa muda, na nilistahili.

Sasa nimestaafu, nakaa St Marys. Watu husifu ujasiri wangu wa siku ile. Wasinisifu. Yule mama alikaa rumande miezi saba kwa neno langu. Alipotoka mlangoni mwa mahakama, nami nimesimama hapo nje, akafungua mikono amkumbatie mwanawe wa mwisho; mtoto alimwogopa kama mgeni, akakimbia kujificha nyuma ya sketi yangu.